Kuchoma Uzi

Juni, Njombe, saa kumi na moja alfajiri.
Umande umeganda juu ya majani ya viazi,
maji ya ndoo yameota ngozi,
na kitu pekee chenye joto humu ndani
ni bahari ya lita mia na themanini
iliyokaa kando ya cherehani yangu.

Paka analijua hilo. Kalalia kifuniko.

Exaveri aliileta badala ya mshahara.
Hoteli ilifungwa Dar, mwenye hoteli akatoroka,
fundi umeme anadai miezi saba,
akaambiwa chagua: makochi au tangi.
Kaka yangu, mtu wa Uwemba, akachagua tangi.
Treni hadi Makambako, kisha Fuso ya mbao,
ndoo tatu zimevishwa mablanketi,
na ndani ya mojawapo mawe
yaliyoota vitu tulivyoviita maua.

Ni wanyama, alisema. Wana mdomo. Wana tumbo.
Nikacheka hadi nikajidunga sindano.

Tukawabatiza kwa rangi, kama wauza vitenge:
Chungwa Bivu, Jicho la Kinyonga,
Kijani cha Bi Harusi, Sare ya Kwaya.
Kumbe Sare ya Kwaya, tulipoisogeza karibu na taa,
mwezi mmoja tu ikawa Chungwa Bivu.

Hapo nilipaswa kushtuka. Mimi,
miaka kumi na tisa nawaambia wateja:
mama, rangi si kitambaa.
Doti mbili, ua lile lile, wekundu ule ule,
moja pamba, moja nailoni.
Ukitaka kujua, chomoa uzi, uchome:
pamba hunuka karatasi,
nailoni hujikunja donge.

Sikushtuka.

Jumapili moja akatoa jiwe la wale wa kahawia, aliowachoka,
akalimwagia maji ya moto,
akalisugua kwa brashi ya viatu.
Jioni anatetemeka, mdomoni ladha ya sarafu,
kifua kimebana.
Tabibu Nyagawa, kalamu mkononi: Amevuta nini?
Ua, nikasema.
Ua gani?
Nikanyamaza. Nilikuwa na jina la rangi.
Akaandika: *mvuke, haujulikani*.

Alipona. Siku nne.
Mpaka leo akicheka anakohoa.

Tangu hapo natazama.
Wateja wakishaondoka, navaa glovu na miwani,
nachukua ile lenzi ya kuhesabia nyuzi.
Huyu: ngozi laini, kaungana na wenzake
kwa mkeka mmoja mwembamba,
minyiri imemzunguka kama marinda, safu mbili,
nayahesabu kwa ncha ya pini nje ya kioo:
hamsini na mbili. Au hamsini na nne, kanichezea.
Mwilini hana hata chembe ya mchanga.
Zoanthasi.
Yule: mnene, shina linakwaruza macho,
kama pindo la gauni lililoburuzwa njia ya Ludewa,
ila yeye vumbi kalimeza, kalifanya nyama.
Palithoa. Ndiye aliyetaka kunifanya mfiwa.

Mchanga, basi, ndio uzi wa kuchoma.

Lakini si wote wanaokiri.
Exaveri kasoma mahali kwamba ndani yao
mna msuli wa kufungia mdomo, kama kamba ya suruali ya kulalia,
na kwa wengine umegawanyika mara mbili;
kuuona mpaka ukate kipande
chembamba kuliko karatasi ya patroni.
Mkasi wangu haufiki huko.
Nimebandika vipande vya tepu kwenye kioo:
*Zoanthasi, labda.*
*Palithoa. USIGUSE.*
Na kwa yule wa pembeni, mwenye mchanga kidogo tu,
mwenye marinda ya huku na shina la kule,
nimeandika: *Bado.*

Umeme umekatika.
Nalifunika tangi kwa koti la sufu
ambalo mwenyewe hajamaliza kulilipia.
Namulika kwa simu: wote wamefumba,
na wakifumba wanafanana,
vifungo vya kijivu kwenye jiwe, hata aliyetaka kuua.

Naweka kiganja kwenye kioo.
Bado joto. Paka hataki kuhama.